Krapi wa Majira ya Kuchipua: Soma Maji Kabla ya Kutupa Ndoano

Nimekulia Kigoma. Kule maji ya juu ya Ziwa Tanganyika ni ya vuguvugu karibu mwaka mzima, kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, na mvuvi wa dagaa anachouliza kabla ya kuingia ziwani ni mwezi uko wapi na upepo unatoka wapi. Joto la maji halimshughulishi. Nilipohamia magharibi mwa Kentucky nilikwenda ziwani na akili hiyohiyo, na msimu mzima wa kwanza sikuelewa kwa nini pembe ileile ya ziwa, kwa chambo kilekile, Jumamosi moja inanipa samaki kumi na watano na Jumamosi inayofuata hainipi hata mdonoo mmoja. Siku niliyonunua kipimajoto cha maji cha dola chache ndipo mambo yalipoanza kueleweka.

Mwongozo huu nawaandikia Waswahili wenzangu wa Louisville, Lexington, Bowling Green na kwingineko Marekani wanaopenda samaki mbichi lakini hawana boti. Sehemu kubwa ya mwaka krapi, samaki wa maziwa ya huku ambaye Waingereza humwandika crappie, anakaa mbali na ukingo, kwenye kina. Ila kwa wiki chache kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Mei anasogea hadi pale ambapo mtu aliyesimama nchi kavu na fimbo yake anaweza kumfikia. Anakuja kutaga. Siku ya kuja kwake inaamuliwa na maji: joto lake, kimo chake na rangi yake.

Mifano yangu ni ya Ziwa Kentucky, kwa kuwa ndilo ninalolijua. Lilitokana na Mto Tennessee kuzibwa kwa bwawa lililokamilika mwaka 1944, na linanyooka maili 184 kutoka Kentucky hadi ndani ya jimbo la Tennessee. Ubavuni mwake liko Ziwa Barkley la Mto Cumberland, na mfereji umeyaunganisha. Ukiwa Mississippi au Texas, rudisha tarehe nyuma wiki kadhaa. Ukiwa Minnesota, zisogeze mbele hadi Mei na Juni. Nyuzi za joto hazibadiliki sana popote ulipo.

Mjue samaki mwenyewe

Krapi wako wa aina mbili, na maziwa haya yana wote wawili. Krapi mweupe ana mistari ya wima ubavuni na miiba mitano au sita mwanzoni mwa pezi la mgongo. Krapi mweusi ana madoa yaliyotapakaa bila mpangilio, kama pilipili manga iliyomwagika juu ya bati, na miiba saba au minane. Hesabu miiba, usiamini rangi. Dume wa krapi mweupe wakati wa kutaga hugeuka mweusi kichwani na kifuani, na wengi humwita mweusi kwa kosa hilo. Tofauti hii ina kazi: mweupe anavumilia maji ya tope, mweusi anapenda maji maangavu yenye majani, na mara nyingi mweusi ndiye anayetangulia kidogo kutaga.

Si samaki mkubwa. Wa robo tatu ya pauni ni mzuri, wa pauni mbili ni wa kupigwa picha. Krapi mweupe mzito kuliko wote waliowahi kuandikishwa alikuwa wa pauni 5 na aunsi 3, Ziwa Enid, Mississippi, mwaka 1957. Mweusi ni wa pauni 5 na aunsi 7, Tennessee, mwaka 2018. Utamu wake ndio unaowatoa watu kitandani. Louisiana wanamwita sac-a-lait, jina ambalo kwa Kifaransa husomeka “mfuko wa maziwa”, na ukimpasua ukaona nyama ilivyo nyeupe utaona limemfaa.

Kuna jambo la uzazi wake ambalo lazima ulishike, maana linaongoza kila hatua hapa chini. Sato tuliyemzoea, jike hubeba mayai mdomoni. Krapi hafanyi hivyo. Dume hutangulia kufika kwenye maji mafupi, akasafisha kijisehemu cha chini kwa kupepea mkia, mara nyingi jirani na madume wengine, karibu na kisiki au mizizi. Jike anasubiri nje kidogo, kwenye maji ya kina zaidi. Akiwa tayari anaingia, anamwaga mayai kwa maelfu, kisha anaondoka zake. Dume anabaki peke yake akiyapepea mayai na kufukuza kila kinachosogea. Mayai huanguliwa kwa siku mbili hadi tano hivi. Maji yakiwa ya moto ni haraka, yakiwa ya baridi ni taratibu.

Hatua ya kwanza: leseni, kabla hata ya kufungua begi

Mwaka wa leseni ya uvuvi Kentucky unaanza tarehe 1 Machi na kuisha siku ya mwisho ya Februari. Maana yake leseni ya mwaka jana inakufa mwezi mmoja kabla krapi hawajasogea, na watu wengi wanasahau. Kuanzia umri wa miaka 16 ni lazima kuwa nayo. Unapoinunua, fungua pia kitabu cha kanuni cha mwaka huo cha idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo, uangalie idadi unayoruhusiwa kwa siku na urefu wa chini wa krapi kwenye ziwa lako. Kanuni hutofautiana ziwa kwa ziwa na hubadilika. Usimtegemee jirani aliyevua miaka mitano iliyopita.

Hatua ya pili: pima maji, si hewa

Hewa inaweza kupanda nyuzi thelathini za Farenhaiti kwa siku moja. Maji hayana haraka hiyo. Nenda na kipimajoto. Kifunge kwenye mshipi pamoja na chubwi, kishushe hadi kina cha mita moja hivi, subiri dakika mbili, kivute juu haraka na ukisome kabla jua halijakigusa. Usipime juu juu tu. Mchana wa jua na utulivu, ngozi ya juu ya maji huwa na joto kupita pale samaki alipo, na itakudanganya.

Vifaa vyote hapa vinasoma Farenhaiti, kwa hiyo nitatumia hiyo. Kumbuka tu kuwa 50 ni Selsiasi 10, na 68 ni Selsiasi 20.

Maji yakiwa chini ya 50, krapi bado wamejikusanya kwenye kina, kando ya mkondo wa zamani wa mto au kijito kilichozama. Kwa mtu wa ukingoni ni mapema mno. Kati ya 50 na 55 wanaanza safari: wanaingia kwenye midomo ya ghuba na kufuata mabonde ya vijito vilivyozama, wakituama kwenye futi kumi hadi kumi na tano. Kati ya 55 na 60 wanapanda zaidi, utawakuta kwenye vigingi na matawi yaliyozama, futi sita hadi kumi, na hapo majike wanakula kwa pupa kwa sababu wamebeba mayai. Gati refu linaloelekea kwenye kina sasa linafaa sana. Kuanzia 60 hadi 68 hivi ndiyo kutaga kwenyewe. Ikipita 70 majike wengi wamekwisha ondoka, wamebaki madume wachache na wale waliochelewa.

Namba moja peke yake haitoshi, na hili ndilo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Maji ya nyuzi 58 yanayopanda ni habari njema. Maji ya nyuzi 58 yanayoshuka kutoka 63 ni habari mbaya, ingawa kipimajoto kinaonyesha kitu kilekile. Kwa hiyo pima siku tatu au nne mfululizo, saa ileile, uandike. Mimi naandika kwenye simu: tarehe, saa, joto, kimo cha ziwa, rangi ya maji. Asubuhi maji huwa baridi kuliko wakati wowote mwingine, ndiyo maana mapema katika msimu sina haraka ya kuamka. Saa tisa alasiri inanipa samaki kuliko alfajiri.

Wenyeji wana kipimajoto chao pia, mti wa dogwood. Ukifunua maua yake meupe porini, wanasema krapi wako ukingoni. Kwetu wazee hutazama miti vilevile kuzijua mvua zinazokuja, na sioni sababu ya kuipuuza elimu hiyo. Udongo na maji vinapashwa na jua lilelile. Ila mti hauwezi kukuambia kuwa jana usiku maji yalishuka nyuzi nne.

Hatua ya tatu: chagua ukingo unaopata jua

Ziwa moja lina joto tofauti kila pembe, kwa siku moja. Huku kaskazini mwa dunia jua la Machi na Aprili linapita upande wa kusini, hivyo ukingo wa kaskazini wa ghuba, ule unaotazama kusini, ndio unaopigwa na jua kutwa nzima. Vilevile unakingwa na upepo wa kaskazini, ambao hapa si kaskazi yetu ya pwani yenye joto. Huu unauma hadi mifupa. Ghuba ndogo zenye maji mafupi na sakafu ya rangi ya kiza hupata joto kabla ya ziwa kubwa. Mawe na kuta za zege nazo hushika joto.

Nimewahi kupima nyuzi 54 kwenye mdomo wa ghuba na 60 kwenye kona yake ya kaskazini-magharibi, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Kwa samaki hiyo ni tofauti ya wiki nzima. Anza msimu kwenye kona kama hiyo, kisha kadiri siku zinavyopita hamia kwenye ukingo wa kusini na sehemu zilizo wazi, ambako samaki hutaga wakiwa wamechelewa. Kwa kuhama hivyo msimu wa wiki mbili unakuwa wa wiki nne au tano.

Hatua ya nne: fuata kimo cha maji

Ziwa Kentucky linaendeshwa na shirika la umma la TVA, na kimo chake hakiko hivihivi tu. Majira ya baridi hushikiliwa kwenye futi 354 juu ya usawa wa bahari, ili pawe na nafasi ya kupokea mafuriko. Kuanzia tarehe 1 Aprili wanaanza kulijaza, na kufikia tarehe 1 Mei hivi linakuwa futi 359. Futi tano, yaani mita moja na nusu, ndani ya mwezi uleule ambao krapi wanataga.

Fikiria maana yake. Kichaka kilichokuwa kimesimama nchi kavu mwishoni mwa Machi, wiki ya tatu ya Aprili kinakuwa na maji hadi magotini, na samaki wako ndani yake. Kwa hiyo nenda ziwani Februari au Machi, maji yakiwa chini, utembee ukingoni na kupiga picha: kisiki hiki, shina lile, rundo la matawi, vigingi vilivyochomekwa na wavuvi, mahali changarawe inapokutana na udongo. Unajiandikia ramani ya mahali samaki watakapokuwa. Hakuna kazi ya bure iliyonilipa kuliko hiyo.

TVA hutangaza kimo cha kila siku na makadirio ya siku zinazofuata kwenye tovuti na programu yao ya simu. Maji yanayopanda polepole huwaleta krapi kwenye vichaka. Yakipanda ghafla baada ya mvua kubwa, samaki husambaa ndani ya majani yaliyofurika. Wapo, ila kuwapata ni shida. Kibaya zaidi ni maji yanayoshuka. Mvua ikizidi, ziwa hupita kimo kilichopangwa, kisha hufunguliwa ili lirudi. Viota vilivyotengenezwa kwenye futi mbili vinabaki kwenye nusu futi au juani kabisa, na samaki huvihama wakarudi nyuma. Ukiona kwenye makadirio kuwa ziwa linashuka, acha vichaka, vua kwenye kitu cha kwanza kilichosimama majini nje ya vichaka hivyo: kigingi, gogo, nguzo ya gati.

Hatua ya tano: soma rangi ya maji

Huhitaji kifaa. Chukua jigi nyeupe, yaani ndoano ndogo yenye kichwa cha risasi, ishushe taratibu kando ya gati, uangalie inapotea wapi machoni. Ikipotea kwenye futi moja, maji ni ya tope. Samaki watataga maji mafupi sana, pengine futi mbili tu, na watajibana kwenye kisiki kwa sababu hawaoni mbali. Ikionekana hadi futi nne au tano, sogea kwenye kina cha futi nane au zaidi, simama mbali na tembea polepole, maana wanakuona nawe.

Maji yenye tope kidogo yana faida mapema katika msimu, kwa kuwa chembe za udongo hunyonya joto la jua na maji hayo hupata moto haraka. Ghuba za upande wa magharibi kama Blood River na Jonathan Creek hupokea vijito vinavyotoka mashambani, na rangi yake hubadilika baada ya kila mvua. Mvua ya vuguvugu mwezi wa Aprili huingiza maji yenye joto, na mahali kijito kinapomwagika panaweza kuchangamka siku hiyohiyo. Mvua ya baridi ni kinyume chake.

Rangi za chambo nazipa dakika moja tu. Maji maangavu: nyeupe, kijivu, rangi za dagaa. Maji ya tope: manjano kali, kijani kali, au nyeusi pamoja na ya waridi. Nimeona watu wakibadilisha rangi saa nzima kwenye kina kisicho na samaki.

Hatua ya sita: funga mshipi na uushushe juu ya samaki

Fimbo ndefu na laini, futi tisa hadi kumi na mbili, inamfaa mtu wa ukingoni kuliko fupi, maana unaushusha mshipi wima kandokando ya kisiki badala ya kuurusha. Mshipi wa pauni sita unatosha. Mwishoni funga jigi yenye uzito wa 1/16 ya aunsi, au 1/32 maji yakiwa matulivu, ama ndoano ya waya mwembamba yenye kisamaki hai kilichochomwa kwenye midomo. Waya mwembamba una sababu: ikinasa kwenye tawi, unavuta taratibu, ndoano inanyooka na kutoka. Juu yake weka chelezo chembamba.

Macho ya krapi yako juu ya kichwa, na anakula akitazama juu. Chambo kikipita chini yake hakioni. Ukikadiria samaki wako futi nne, weka chambo kwenye futi tatu. Kisha tulia. Usichezeshe sana, mawimbi madogo yanakichezesha chelezo na kazi imekwisha.

Tazama chelezo chako kwa makini hapa, kwa sababu mdonoo wa krapi haufanani na wa perege. Mara nyingi chelezo hakizami. Kimesimama wima kwa uzito wa jigi, mara kinalegea na kulala ubavu juu ya maji, kama mtu aliyeegemea ghafla. Maana yake samaki amekuja kutoka chini, amekimeza chambo na kukiinua, na mshipi haubebi tena uzito. Watu wengi hudhani jigi imegusa chini, wakasubiri. Usisubiri, inua fimbo.

Inua, usikwapue. Ngozi iliyozunguka mdomo wa krapi ni nyembamba kiasi kwamba ukimshika samaki ukatazama mdomo wake uliofunguka dhidi ya jua, mwanga unapenya. Ukivuta kwa nguvu, ndoano inachana na kutoka. Mshipi usilegee hata kidogo, na samaki mzito mpokee kwa wavu wa mkono badala ya kumnyanyua hewani.

Ukipata wawili watatu mahali pamoja, baki. Viota hukaa kwa makundi. Ukipata madume watupu, wale waliogeuka weusi, tupa nje kidogo, futi mbili tatu za kina zaidi. Majike wamesubiri huko.

Baridi ikirudi

Itarudi. Kila Aprili kuna siku ambapo upepo unageuka kutoka kaskazini, anga inakuwa buluu isiyo na wingu hata moja, na asubuhi kuna umande ulioganda. Krapi hawaendi mbali. Wanarudi nyuma hadi kwenye kina cha kwanza kilicho karibu, wanajibana kwenye matawi, midomo wamefunga. Baadhi ya madume huacha mayai. Hapo punguza kila kitu: jigi ndogo, mwendo mdogo, chambo kishushwe usawa wa pua ya samaki na kukaa hapo muda mrefu. Ama nenda nyumbani, usubiri siku mbili tatu za jua, kipimajoto kitakuambia.

Na baridi hiyo isichezewe. Maji ya nyuzi 55 huifanya mikono ya mtu iliyozama ife ganzi kwa dakika chache, hata kama hewani kuna jua la fulana. Tumezoea maziwa ya joto, tunajiamini kwa sababu tunajua kuogelea. Kuogelea hakusaidii mikono isipokunjika. Kwenye boti vaa jaketi okozi na ulifunge. Kwenye mawe ya ukingo yenye utelezi, mlinde mtoto kwa jaketi vilevile. Na ukisikia ngurumo, weka fimbo chini na uondoke majini.

Cha kubeba nyumbani

Nenda na rula na barafu. Pima kila samaki kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, aliyepungua mrudishe majini kwa mikono iliyolowa. Waliobaki wazike kwenye barafu papo hapo, kwa sababu nyama hii laini huharibika upesi. Ukipata jike amejaa mayai na tayari unao wa kutosha, mrudishe. Sheria haikulazimishi, ni maoni yangu tu. Wenyeji huondoa minofu na kuikaanga na unga wa mahindi. Mimi huwakwangua magamba, nawakata mistari ubavuni, chumvi, ndimu, kitunguu saumu, na kuwakaanga wazima hadi mapezi yawe makavu ya kutafuna, kwa ugali.

Maji yakipita nyuzi 75 usihangaike tena na vichaka. Krapi wamerudi kwenye futi kumi na tano na zaidi, karibu na mikondo na nguzo za madaraja. Tafuta gati lililofika kwenye kina, uende jioni na taa, uielekeze majini. Wadudu watakuja, kisha visamaki, kisha krapi chini yao, kama dagaa na mgebuka chini ya karabai.